Jiwe Lililochunwa Ngozi

Majirani zangu, mkikutana nami njiani mnaniuliza kilichompata mama, nami nainamisha kichwa. Leo nawajibu.

Asubuhi ile tulikuwa machimboni, mama na mimi, tunagonga kokoto huku tukitaniana. Mama alikuwa akikohoa. Vumbi la mawe lilikuwa limemkaa kifuani, na daktari alishasema asicheleweshe matibabu. Nyundo yake ikapasua mwamba uliokuwa na uwazi ndani. Humo mlikuwa na jiwe jeusi linalong'aa kama chuma, lenye vinundu vilivyobanana kama zabibu.

Mnunuzi wa mawe alikuja nyumbani, akalitazama kwa lenzi yake, akashusha pumzi.

"Mama, hili limejijenga lenyewe. Maji yenye chuma yalipenya mwambani, yakaacha utando juu ya utando, miaka na miaka. Wanaokusanya mawe wanataka ngozi hiyo ya asili. Msilisugue! Jumamosi naleta hela, ukatibiwe."

Alipoondoka, baba akacheka. "Anatuona washamba. Likiwa na vumbi anatoa hela ya hospitali. Likimeremeta je?"

"Baba watoto, mtu kasema tuliache."

"Wewe kohoa, biashara niachie mimi."

Kesho yake akalipeleka kwa fundi wa kuchomelea, likasuguliwa kwa mashine. Jiwe jeusi lile likatoa unga mwekundu kama damu. Baba akasema ni uchafu unatoka. Vinundu vyote vikalala, akalipaka oili. Nyinyi mlikuja kuliona, mkampa mkono. Mmoja wenu alisema, "Mzee, hapo umeuaga umaskini!"

Jumamosi mnunuzi akaligeuza mara moja tu.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi. Sasa tuongee bei mpya."

"Mzee, hiki sasa ni kipande cha chuma. Hata wa chuma chakavu atakisukuma kwa mguu."

Akaliacha juu ya kigoda, akaondoka. Baba akamkimbilia hadi barabarani, akishusha bei mwenyewe, akashusha tena, mwishowe akawa anaomba ya sabuni tu. Gari likaondoka.

Mama hakumgombeza. Jumatatu alirudi machimboni, maana tulikuwa hatuna chakula. Mwezi wa tatu tangu hapo hakuweza kuinua nyundo. Wa nne tukamzika.

Sasa baba anawaambia watu kwamba mama aliugua ghafla. Si kweli. Mama aliugua taratibu, mbele ya macho yetu.

FUNZO

Kinachotosha kumponya mtu kinatosha. Anayetaka zaidi ajiulize kwanza hiyo ziada italipwa na kifua cha nani. Mke akisema "tuliache", asikilizwe, hata kama anasema huku anakohoa. Na mwenye nyumba akipotoka, majirani msimpigie makofi.

Sijitoi lawamani. Siku ile kwa fundi, mimi ndiye niliyekuwa namwagia jiwe maji lisipate moto. Nilijua tunakosea. Nikaendelea kumwaga.