Dawa ya Kupe kwenye Sukuma Wiki

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya Ijumaa, majani ya sukuma wiki kwenye matuta yote matatu yalikuwa na matundu. Idil, msichana wa miaka kumi na miwili, aligeuza jani moja. Upande wa chini walijipanga viwavi wadogo wa kijani, na kando yao mayai ya manjano.

Bustani hiyo iko karibu na mto Tana, nje kidogo ya mji wa Masalani. Familia ya Idil haikuwa ya wakulima. Ukame ulipomaliza ng'ombe wao, baba alikwenda Garissa kutafuta kazi ya kibarua, na nyumbani wakabaki na mbuzi mmoja wa maziwa na matuta hayo.

"Waokote mmoja mmoja uwaponde," alisema mama yake, Maka. "Ndivyo afisa wa kilimo alivyotuonyesha. Ukitoka shuleni, anza."

"Hooyo, ni wengi. Nikimaliza huku, kule wamezaliwa wengine."

"Basi utarudia. Mboga hizi zikiisha, sijui nitawapikia nini."

Jioni Idil aliokota hadi vidole vikawa kijani. Jua lilipoanza kushuka alikuwa hajafika hata nusu ya tuta la kwanza. Aliketi katikati ya mboga akalia. Kisha akakumbuka chupa ya dawa ya kupe iliyokuwa juu ya kabati tangu wakati wa ng'ombe. Alikuwa amemwona baba akiwanyunyizia ng'ombe, na kupe wakidondoka. Kupe ni mdudu na kiwavi ni mdudu, aliwaza. Alichanganya dawa na maji, akanyunyizia matuta mawili. Dawa iliisha kabla hajafika tuta la tatu.

Asubuhi ya Jumamosi viwavi wa matuta mawili walikuwa wamekufa.

"Wote hawa umewaokota wewe?" Maka aliuliza.

"Ndiyo, hooyo."

"Mungu akuzidishie nguvu. Mimi nilidhani umelala."

Maka alikata majani mazuri, akayafunga mafungu, akaenda nayo sokoni. Yaliyokuwa na matundu mengi alimwekea mbuzi.

Idil alikuwa akifagia uani aliposikia mbuzi akikoroma. Mate yalimtoka mdomoni, miguu ikatetemeka, akaanguka ubavu. Bibi yake, Osob, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka, alijikongoja hadi pale.

"Huyu amekula nini?"

"Sijui, ayeeyo. Labda nyoka."

"Nyoka? Hana alama ya jino. Nitazame. Amekula nini?"

Idil hakumtazama bibi. Alitazama vipande vya majani vilivyobaki kando ya mdomo wa mbuzi. Mafungu yaliyokwenda sokoni yalikatwa kwenye matuta yale yale.

"Niliyanyunyizia dawa ya kupe," alisema. "Sikuokota. Nilimdanganya mama."

"Basi unangoja nini hapa? Kimbia."

Alikimbia bila viatu hadi sokoni. Mama yake alikuwa ameketi nyuma ya gunia tupu, akizungumza na jirani.

"Mboga ziko wapi?"

"Siham wa hoteli amezichukua zote. Mbona unahema hivyo?"

Idil alieleza, maneno yakikatika. Maka hakumpiga wala hakumgombeza. Alisimama, akaacha gunia lake, wakakimbia pamoja.

Hotelini sufuria ilikuwa tayari mekoni. Wateja waliketi wakisubiri, na sahani ya kwanza ilikuwa mkononi mwa Siham.

"Siham, usipakue!" Maka alisema. "Mboga zina sumu."

"Abaayo, dada yangu, umeniuzia sumu?"

"Si yeye," Idil alisema. "Ni mimi. Nilitia dawa ya kupe, na mama hakujua."

Siham aliitazama sahani, kisha akawatazama wateja. "Kuna mtu ameonja?"

Hakuna aliyekuwa ameonja. Siham alibeba sufuria nzima, akamwaga mboga kwenye shimo la takataka nyuma ya hoteli na kufukia.

"Kwa hiyo leo shimo linakula, sisi tunatazama," mzee mmoja alinung'unika.

"Mzee Nunow, kama una haraka ya kufa, chota," Siham alimjibu. "Wengine ngojeni maharagwe."

Maka na Idil waliporudi nyumbani pamoja na afisa wa kilimo, Bonaya, waliyempitia njiani, mbuzi alikuwa amekufa. Bonaya aliomba chupa, akampa Idil.

"Wewe unajua kusoma. Soma hapo chini ya picha ya ng'ombe."

Idil alisoma polepole. "Ya kunyunyizia mifugo pekee. Isiguse chakula."

"Jana hukuisoma," alisema Bonaya. "Dawa hii hutengenezwa kwa ajili ya ngozi ya mnyama. Ikiwekwa kwenye jani, hubaki pale hadi imfikie anayelila. Kazi ya kuokota viwavi inachosha, najua. Lakini kosa lako kubwa halikuwa uchovu. Mama yako aliuliza, na jibu lako ndilo lililompeleka sokoni. Kwa mbuzi ulichelewa kusema ukweli. Kwa watu hukuchelewa. Siku nyingine usingoje kitu kianguke ndipo useme."

Walimzika mbuzi kwenye shimo refu ili mbwa wasimfukue. Mboga za matuta mawili ziling'olewa na kuzikwa pia. Usiku ule mdogo wake Idil, Hamze, alililia maziwa hadi akalala.

Kila asubuhi kabla ya shule, na kila jioni, Idil aligeuza majani ya tuta la tatu, akaponda mayai kabla hayajaanguliwa. Bonaya alimwonyesha jinsi ya kufunika mboga kwa chandarua kikuukuu ili nondo wasitage. Majani mapya yalitoka bila matundu.

Yalipokomaa, Idil mwenyewe aliyapeleka hotelini.

"Umetia nini?" Siham aliuliza.

"Maji na samadi. Viwavi niliokota kwa mkono."

Siham aligeuza majani moja baada ya jingine mbele ya wateja, kisha akayapokea.