Simu Iliyozikwa na Immaculate

Ombi la kuingia kwenye programu lilikubaliwa Jumatatu saa tatu asubuhi, na hapohapo Kageha alipaswa kuchukua mkoba wake aende zake. Hakwenda. Alikuwa na mtoto wa miezi minne nyumbani, na kazi hii ya kampuni ya vifaranga mjini Kakamega alikuwa ameipata juzi tu.

Mambo yalikuwa hivi. Programu ya kampuni, ile ya mtandaoni inayoshika maagizo yote, ilikuwa na mtu mmoja tu wa kugawa paswadi na kuwafuta watu: Immaculate. Immaculate akafa. Osundwa, mwenye kampuni, badala ya kuwaandikia wenye programu wamfungulie Kageha jina lake, akampa jina la marehemu na paswadi aliyoikuta imebandikwa chini ya meza. Uvivu wa mtu mwenye tumbo kubwa! Sasa, kila ukiingia, swali lilikwenda kwanza kwenye simu ya Immaculate: Ni wewe? Lazima simu ile ijibu ndiyo. Na simu ile, siku ya kunyoa nywele kumaliza matanga, vitu vya marehemu vilipogawanywa kule Shinyalu, haikuonekana. Dadake alikuwa ameichomeka ndani ya jeneza, chini ya mto, mashemeji wasije wakasoma yaliyomo. Na yalikuwemo! Siri hiyo ya jeneza ilishazunguka soko zima.

"Boss, imekubali," Kageha alinong'ona. "Nani amebonyeza?"

"Mradi tumeingia. Wewe piga kazi, madam."

Wiki mbili ikawa inakubali. Kila ikikubali, harufu ya manyoya yaliyoungua ilipita chumbani, na hakuna aliyechinja kuku. Kisha wenzake wakaanza kufutwa kwenye programu, leo Eugene, kesho Jepkorir, na hakuna aliyewafuta. Likabaki jina moja: Immaculate.

Mama Tyson, muuza chai wa nje ya ofisi aliyelelewa Mumias, aliposikia hayo aliweka birika chini.

"Maiti hashikangi simu, dada. Hilo ni jini. Limekuta jina halina mwenyewe, likaingia kukaa. Sasa linataka mwili. Likikuuliza wewe ni nani, taja jina ulilopewa na mamako, hata likufungie mwaka."

Ijumaa, Osundwa akiwa Malava, Kageha akaamua kuacha kazi. Mlango wa ofisi nao ulifunguliwa na programu hiyohiyo, kwa sababu ya wezi. Akabonyeza kutoka. Swali likaenda. Jibu likarudi: Hapana.

Akabonyeza tena. Hapana.

Mvua ya saa tisa ikaanza kupiga mabati, na ndani ya kelele hiyo akasikia simu ikitetema chini ya sakafu, mtetemo wa kitu kilicholala juu ya mbao, ukasogea kutoka ukutani mpaka chini ya kiti chake, na harufu ya manyoya ikajaa mpaka machoni, na vifaranga mia tatu kwenye maboksi vikanyamaza kwa pamoja, naye akavuta vyuma vya dirisha huku maziwa yakimlowesha blauzi, akiita woi, Mama Tyson, woi, na sauti yake ikiishia palepale kwenye kioo. Simu yake mwenyewe ikawaka mkononi. Immaculate anataka kutoka. Ni wewe?

"Usikubali!" Mama Tyson alikuwa amemwona akivuta vyuma, akafika dirishani, leso imemgandia kichwani. "Taja jina lako! Naita watu, tutavunja!"

Lakini saa ya kunyonyesha ilikuwa imepita, na mtetemo ulikuwa umefika kwenye nyayo zake. Akabonyeza Ndiyo.

Mlango ukafunguka taratibu. Akampita Mama Tyson, akarukia boda hadi Lurambi, akagonga nyumbani.

"Hodi, mama."

"Nani?" mama mkwe akauliza kutoka ndani. Mtoto alikuwa akilia kwa njaa.

Kageha akafungua mdomo aseme jina lake. Akajaribu mara tatu. Mara zote tatu lilitoka lile lingine, kwa sauti iliyojaa udongo.

Ndani, mlango ukatiwa komeo.

"Hapa hatuna mtu wa jina hilo," mama mkwe akasema polepole. "Mwenye mtoto huyu anaitwa Kageha. Yuko kazini."