Dawa Waliyowaficha Washenga

Kila jioni, baada ya kukamua ng'ombe, Kabula alimeza vidonge vyake, kisha akarudi jikoni kusonga ugali. Nyumbani kwao, bondeni Ivuna, hakuna aliyeshangaa.

Kabula alikuwa na kifafa tangu utotoni. Zamani alianguka mara kwa mara. Siku moja aliangukia motoni, na kovu lipo shingoni mpaka leo. Tangu aanze dawa ya zahanati, hakuanguka tena. Akakua, akalima mpunga, akawa msichana wa kutazamwa.

Mwaka 2004 ikaja posa. Kijana aitwaye Makene alitaka kumuoa. Washenga wake wangekuja kukaa siku kadhaa, wamwone binti na kuzungumzia ng'ombe wa mahari.

Nyanzobe, mama yake Kabula, akaingiwa na hofu.

"Baba Kabula, wakimwona anameza vidonge watauliza. Tutawajibu nini?"

"Tutasema malaria," alijibu Luhaga, mumewe.

"Malaria ya kila jioni? Halafu vinamtia usingizi. Watasema tumewapa mvivu."

"Basi aviache kwanza. Si amepona? Wageni wakiondoka ataendelea."

Kabula aliwasikia. "Baba, sista wa zahanati alisema nisiache hata siku moja."

"Kwani sista ndiye anayeolewa?"

Nyanzobe akavichukua vidonge, akavificha ndani ya gunia la mpunga.

Hawakuwa watu wabaya. Walimpenda binti yao. Lakini waliiogopa aibu kuliko ugonjwa, na mimi ninayesimulia, kila nikikumbuka napandwa na hasira.

Washenga walikuja. Siku za mwanzo Kabula alikuwa mchangamfu. Mshenga mkubwa, mzee Ayoub, alimsifu mbele ya baba yake. Ng'ombe wakaanza kutajwa.

Asubuhi moja Kabula alikuwa akiwanawisha wageni mikono. Ghafla akaanguka. Mwili ukakakamaa, kisha ukatikisika. Povu likamtoka mdomoni.

"Msimguse!" alipiga kelele mzee Ayoub, akiruka nyuma. "Povu hilo linaambukiza!"

Kifafa kiliacha. Kabla binti hajazinduka, kikarudi. Kikaacha, kikarudi tena. Luhaga akampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Barabara ya zahanati ilikuwa imeharibiwa na mvua. Njiani Nyanzobe alimtia kijiko mdomoni ili asijing'ate ulimi. Jino likavunjika.

Muuguzi wa zahanati, Ketrina, alimlaza Kabula kwa ubavu. Akamchoma sindano. Kisha akakaa karibu, macho yakiwa kifuani pa mgonjwa.

"Sista, mbona unamtazama tu?" aliuliza Luhaga.

"Natazama pumzi, mzee. Sindano hii inatuliza ubongo. Ubongo ukitulizwa mno, hata kupumua kunaweza kusimama. Dawa za ubongo hazichezewi."

Mtikisiko ulipokoma, Ketrina akauliza, "Aliacha vidonge lini?"

 Nyanzobe akasema, "Wageni walikuja, sista. Tuliona aibu."

"Mficha maradhi kilio humfichua, mama. Leo kilio kilikuwa karibu." Ketrina alishusha pumzi. "Nisikilizeni. Ubongo hutuma habari mwilini kwa umeme mdogo sana. Kwenye kifafa umeme huo unawaka ovyo, kila upande. Vidonge vinauzuia. Ubongo ukishazoea kuzuiwa, ukiviacha ghafla umeme unalipuka kuliko mwanzo."

"Kama ng'ombe waliofungiwa siku nyingi, boma likabomoka," alisema Luhaga polepole.

"Ndiyo. Hakuwa amepona. Dawa ndiyo iliyomshika."

"Na ule usingizi?"

"Mngekuja tu kuniambia. Daktari angeangalia kipimo, akapunguza kidogo kidogo. Si ninyi kukata wenyewe."

Nyanzobe akaanza kulia. "Na povu?"

"Ni mate, mama. Haliambukizi. Akianguka, mwondoeni penye moto na maji. Mlazeni ubavu. Msimkandamize, msimtie kitu mdomoni. Kisipokoma upesi, au kikirudi kabla hajazinduka, mleteni."

Kabula alizinduka, lakini hakuwa kama zamani; kifafa kile cha mfululizo kilikuwa kimeuumiza ubongo. Mpaka leo maneno humpotea katikati ya mazungumzo. Anaweza kushika jembe mkononi asikumbuke linaitwaje. Posa ilivunjika. Makene alioa kwingine.

Kipimo cha vidonge kilipunguzwa, na usingizi ukapungua. Kabula akarudi kumeza dawa kila jioni, mgeni awepo asiwepo. Hajaanguka tena.

Habari zilienea bondeni. Siku ya mnada wa ng'ombe, mtu mmoja akamtania Luhaga mbele za watu. "Mzee, eti binti yako ana kifafa?"

Luhaga akaitikia kwa sauti. "Anacho. Anameza dawa. Alipokuwa akiimeza alikuwa mzima. Mimi ndiye niliyemwachisha, na mimi ndiye niliyemharibu."

 Watu wakageukia ng'ombe wao.

Luhaga alipokuwa akiondoka, alisikia mtu akimfuata. Alikuwa mzee Ayoub. Alitazama huku na huku kwanza.

"Luhaga, hiyo zahanati wanapokea mgonjwa wa siku nyingi?"

"Wanapokea. Mgonjwa gani?"

Mzee Ayoub aliinamisha kichwa. "Mwanangu wa kwanza, naye ana kifafa. Hakuna anayemjua. Tunamfungia nyumba ya nyuma tangu akiwa mdogo."

Luhaga alimtazama mtu yule aliyekuwa ameruka nyuma Kabula alipoanguka. Alitaka kumtukana. Badala yake akamshika mkono.

"Twende tukamfungulie," alisema.