Nilimzika Mume Wangu Kwenye Filamu

Nina miaka thelathini na minane, mama wa watoto watatu, mkaazi wa Majengo hapa Goma. Haya nayaandika nikikaa na kusimama, maana tangu mkasa huu sijui tena kutulia... Nisikilizeni!

Mlima ulipotapika moto, nyumba yetu iliungua. Tukapanga chumba kimoja pamoja na mama mkwe wangu. Baadaye mume wangu Kambale, mfanyabiashara wa vitenge, akaenda Bunagana, mpakani na Uganda, kuchukua mali, na waasi wakauteka mji huo akiwa huko. Simu ikazima. Miezi ikapita bila habari!

Majirani walitaka tuweke matanga. Mama mkwe alikataa katakata. "Mama Neema, mutu hazikwake bila mwili. Mutoto yangu atarudia."

Ndipo akaja mwongozaji mmoja wa filamu. Hakuwa mbaya, wala hakuwa hodari. Alizoea harusi na matangazo ya sabuni. Safari hii alitaka vita. Bunduki za mbao, damu ya nyanya, waasi wanaocheka wakifa! Alitafuta mwanamke wa kulia juu ya jeneza tupu. Wanangu walikuwa na njaa. Ningefanya nini?

Niliambiwa niite jina la kubuni. Lakini nilipoligusa lile jeneza... moyo ulipasuka! Nikaita, "Kambale! Baba Neema!" Nikatupa udongo. Baadaye nilimsihi mwongozaji alifute jina hilo, naye akaniapia kwamba atalifuta.

Alinidanganya! Filamu ilipoonyeshwa mtaani Birere, watu walicheka mwanzo hadi mwisho, isipokuwa pale nilipolia. Machozi yangu ndiyo kitu pekee cha kweli alichokuwa nacho, angeyakata vipi? Mama mkwe alipopata habari, alifunga nguo zake akarudi kwao Butembo bila kuniaga.

Sikulala. Nilizunguka mji kama mtu aliyepoteza funguo. Kisha dereva wa lori akaniletea maneno kutoka Uganda... Kambale yu hai! Waasi walimnyang'anya simu, akavuka mpaka, na filamu ile akaiona ndani ya basi. Alimtuma dereva huyo aniambie hivi: "Mulisha kunizika. Mufu harudiake ku nyumba." Ameoa mwingine. Nilimtumia maelezo yangu yote, hakujibu.

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi mnaosubiri mtu, njaa inauma, najua. Lakini msikubali kumwita marehemu mtu ambaye kifo chake hamkukiona, hata kwa mchezo! Mimi ni mjane wa mwanaume anayekula na kucheka ng'ambo ya mpaka. Neema akiniuliza baba atarudi lini, natoka nje natembea tu.