Springi ya Skrubu

Likizo ya Skolastika haikuwa ya kulala. Asubuhi alifagia uwanja, akateka maji, akawasha moto, kisha akamshika mkono Bibi Magdalena na kumpeleka barazani kuota jua. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Alijua tu kwamba kumekucha au kumekuchwa, basi. Kazi ya kumwongoza bibi haikumchosha Skolastika hata kidogo. Kilichomchosha wiki ile ni pikapu ya baba yake.

Pikapu yenyewe ilikuwa kuukuu kuliko ndoa ya wazazi wake. Ijumaa madaktari wa macho wangekuwa mjini Lindi kwa siku moja tu, na zahanati ya Rutamba ilikuwa imeandikisha wazee wanne, Bibi Magdalena akiwamo. Basi la alfajiri hupita limejaa pomoni, na bodaboda si ya kumpakia kikongwe asiyeona. Damiani, baba yake Skolastika, alikuwa ametangaza mbele ya kanisa zima kwamba atawapeleka yeye. Sasa ilikuwa Jumanne, na pikapu ilikuwa inakohoa, inatoa moshi mweusi na kuzimika kila ikikutana na mlima.

Ndipo alipoitwa Shangazi Romana, dada yake Damiani, fundi wa magari mjini Lindi. Shangazi Romana alikuwa mwema, lakini hakuwa na simile na upuuzi. Alifungua boneti, akachungulia, akashika kiuno.

"Kaka, kabureta hii umeitoa wapi?"

"Ile ya zamani ilikuwa imechakaa, nikanunua hii. Ni ya lori," Damiani alijibu kwa fahari. "Muuzaji kaniambia kubwa ndiyo yenye nguvu."

"Kubwa ndiyo yenye nguvu! Basi mnunulie Skola viatu vya namba kumi na moja, tuone kama atakimbia zaidi." Akamgeukia mpwa wake. "Mwanangu, kabureta inachanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Hii inaimiminia injini ndogo chakula cha injini kubwa. Inavimbiwa, ndiyo maana inatoa moshi mweusi."

Jumatano asubuhi aliing'oa ile ya lori, akafunga nyingine ndogo iliyotoka kwenye gari la aina ileile. Kisha akaanza kuirekebisha. Kwa nyuma, mahali penye giza pasipoonekana vizuri, palikuwa na skrubu ndogo ya kupimia mchanganyiko. Aliipapasa kwa bisibisi ndefu, akaifunga taratibu hadi mwisho, kisha akaifungua mzunguko mmoja na nusu. Injini ilipopata moto, akaongeza robo mzunguko, akasikiliza, akatabasamu. Pikapu ilinguruma vizuri, haikutoa moshi wala kukohoa.

"Andika, Skola: mzunguko mmoja na robo tatu. Naenda kula. Jioni tutaijaribu mlimani. Asiguse mtu, na akigusa, andika nani na kagusa nini."

Skolastika akakaa kulinda, daftari mapajani. Jamani, hivi watu hawawezi kuona boneti iliyo wazi wakapita zao? Hakuwa ameketi hata dakika kumi, jirani yao Mzee Hussen akafika.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hii inasikika ina njaa," alisema Mzee Hussen, na tayari alikuwa ameshika bisibisi.

"Babu, shangazi amesema isiguswe."

"Mjukuu wangu, mimi nimeendesha trekta baba yako hajazaliwa." Akazungusha skrubu, akatikisa kichwa kama daktari, akaenda zake. Skolastika angefanya nini? Ampokonye mzee bisibisi?

Punde akaja Petro wa bodaboda, akazungusha naye. "Mambo ya kabureta niachie mimi, dogo," alisema, akapiga honi na kutoweka.

Skolastika alifoka peke yake. Aliona vibaya kuandika jina la mzee kwenye daftari kama mwizi. Akaamua kuirudisha skrubu mwenyewe. Aliifungua ili aanze kuhesabu upya, akaifungua mno, ikachomoka. Springi ndogo iliyoizunguka ikaruka mchangani.

"Umeangusha nini?" Bibi Magdalena aliuliza kutoka barazani.

"Hakuna kitu, bibi."

Aliipapasa springi mchangani mpaka akaipata. Alijaribu kuirudisha mara tatu, ikakataa. Mwisho akarudisha skrubu peke yake, akahesabu mzunguko mmoja na robo tatu, akatia springi mfukoni. Katika daftari hakuandika chochote.

Jioni pikapu iliwaka mara moja. Lakini katikati ya mlima ikakohoa, ikazimika. Shangazi Romana aliirudisha nyumbani, akaipima skrubu, akakuta imehama. Akairekebisha, injini ikanguruma vizuri. Wakaenda mlimani tena, ikazimika palepale.

"Nani kaigusa?"

Skolastika alifungua daftari, akatazama ukurasa mtupu. "Hakuna aliyeandikwa, shangazi."

Kutwa nzima ya Alhamisi Shangazi Romana alikuwa chini ya jua. Alifungua pampu ya petroli, nzima. Alisafisha chujio na plagi. Alipima hata boya dogo linalodhibiti petroli ndani ya kabureta. Uwanjani gari lilinguruma vizuri, mlimani likazimika, na kila mara alikuta skrubu imehama. Wapita njia hawakukosa la kusema. Petro aliapa kwamba ni betri. Skolastika aliwachukia wote kwa ujuaji wao, huku springi ikimchoma mfukoni.

Saa kumi jioni Shangazi Romana alitupa spana chini.

"Kaka, nimeshindwa. Kabureta hii haishiki skrubu tena, nitaitupa. Nyingine siwezi kuipata kabla ya kesho. Waambie wazee wasijiandae."

Damiani akainamisha kichwa. Kutoka barazani Bibi Magdalena alisema kwa sauti ndogo, "Msihangaike, wanangu. Giza nimeshalizoea."

Hapo Skolastika alishindwa kuvumilia. Alisimama mbele ya shangazi yake, akafungua kiganja, springi ikiwa katikati.

"Shangazi, kabureta haina kosa. Babu Hussen aliizungusha, na Petro pia, nami sikuwaandika. Kisha nikajaribu kuirudisha, springi ikaanguka. Bibi aliniuliza, nikamdanganya. Naomba mnisamehe."

Shangazi Romana aliitazama springi, akamtazama mpwa wake, akavuta pumzi ndefu.

"Siku nzima, Skola! Siku nzima nimeingia na kutoka chini ya gari hili!" Alichukua springi, akainama. "Hii ndiyo inayoibana skrubu isizunguke. Uwanjani gari limetulia, skrubu inatulia. Barabarani ni mashimo matupu, inajizungusha yenyewe mpaka mchanganyiko unaharibika."

Kazi haikuzidi robo saa. Pikapu ilipanda mlima mara tatu bila kukohoa. Mzee Hussen alipopita, Skolastika alimwamkia, akasimama kati yake na boneti, akasema, "Babu, leo sitakuruhusu. Shangazi ndiye fundi." Mzee alishangaa, akacheka, akaendelea na safari yake.

Ijumaa wazee wanne walifika Lindi mapema, wakafanyiwa upasuaji. Jumamosi asubuhi Bibi Magdalena aliondolewa na muuguzi bandeji ya jicho la kwanza. Alipepesa, akatazama ukuta, akatazama dirisha, kisha akamtazama msichana aliyesimama mbele yake.

"Wewe ndiye Skola? Mbona umekuwa mrefu hivi, na mimi sikuambiwa?"

Skolastika alilia kwa furaha na kwa aibu. Shangazi Romana akamtoa nje, wakakaa kwenye benchi.

"Nisikilize, mwanangu. Kuangusha springi si kosa. Mimi huangusha kila wiki. Hata kumwogopa mzee nakuelewa, ingawa unaweza kumkataza kwa adabu, nawe umeshaona. Kosa ni kunyamaza. Mimi nilikuwa natengeneza gari kwa kutegemea daftari lako, nalo lilikuwa linaniongopea. Ungeniambia Jumatano, ningetumia robo saa. Ulinyamaza kwa siku moja tu, na siku hiyo nusura imkoseshe bibi yako macho. Ukiharibu kitu, sema mapema, hata kama utagombezwa. Kugombezwa kutapita, na kilichoharibika kitapata nafasi ya kutengenezwa."