Kicheko Kwenye Somo la Asubuhi

Kila asubuhi, kabla cherehani hazijaanza kunguruma, mama mmoja fundi nguo na washonaji wake watatu walisoma Maandiko pamoja. Msomaji alikuwa bintiye wa miaka kumi na miwili. Walimwita Kasuku kwa kuwa hakukwama hata kwenye neno gumu, na sifa hizo zilimvimbisha kichwa.

Binamu yake mdogo wa kike, aliyehamia pale baada ya kufiwa na mama yake, alikuwa na kigugumizi.

"Kesho atasoma mwenzako," mama alisema jioni moja. "Mistari miwili tu. Ameifanyia mazoezi wiki nzima."

Wivu ulimchoma Kasuku. Asubuhi aliuhamisha utepe uliowekwa kitabuni kwenye mistari ile, akauweka kwenye ukurasa wenye orodha ndefu ya majina ya ukoo.

Mama alikuwa nje akimpima mteja. Binamu akafungua kitabu, akaduwaa.

"A-a-aka... akam..."

"Kuku anataka kutaga!" Kasuku alinong'ona, makusudi asikike.

Washonaji wakaangua kicheko. Mmoja alijifuta machozi kwa kipande cha kitambaa. Binamu akazidi kung'ang'ana na neno lile lile, jasho likimtoka, mpaka mkojo ukamchuruzika miguuni. Hapo ndipo kicheko kilipokatika.

Siku tatu binamu hakusema neno. Siku ya nne pasi ya moto ilimchoma mkononi. Kasuku alimwona akiuma midomo, machozi yakimdondoka, ngozi ikivimba, wala hakulia kwa sauti, kana kwamba anaogopa kuchekwa tena. Hofu ikamshika. Alikimbia kwa mama, akaungama yote.

Mama hakumchapa. Alimpaka binamu dawa, kisha akawaita wote. "Haya, sema mbele ya hao uliowachekesha."

Kasuku akaeleza jinsi alivyouhamisha utepe. Washonaji wakatazama sakafu.

"Nisamehe, mdogo wangu."

Binamu akatikisa kichwa. "B-b-bado."

"Ana haki," mama alisema.

Kesho yake mama alitangaza, "Leo hakuna msomaji. Tunasoma sote kwa pamoja."

Wakaanza. Karibu na sikio lake, Kasuku akasikia sauti nyembamba ikiteleza bila kukwama popote. Akapunguza yake aisikilize. Binamu mwenyewe alishtuka, kisha akatabasamu, akapaza sauti. Washonaji nao wakapaza zao, hadi wapita njia wakachungulia dirishani. Walipomaliza, binamu aligeuza ukurasa mwenyewe.

"T-tena, mama mkubwa," aliomba.

Mama akacheka, kisha akamgeukia bintiye. "Umesikia? Miaka yote hii umesoma vizuri, mwanangu, lakini ulisoma peke yako. Neno hili tulipewa tufurahi pamoja. Ukimdhalilisha mwenzako ili wengine wacheke, hiyo si furaha, ni ukatili. Na msamaha utauomba tena kesho, na kesho kutwa, mpaka atakapokuwa tayari. Sasa msogelee, msome pamoja."