Nta ya Niyonsaba

Kila Jumamosi Immakulata aliteka maji, akatwanga muhogo, kisha akashuka mbio kwenda kwenye mafundisho ya kanisa pale Munanila. Desemba ile ya mwaka 1973 alikuwa na haraka zaidi. Katekista Pasikali alikuwa ametangaza kwamba mtoto atakayetengeneza pambo bora la meza ya padri siku ya Noeli, ataketi kwenye meza hiyo pamoja na wazazi wake na kula wali na nyama. Sharti lilikuwa moja tu: hakuna kununua kitu.

Immakulata alisuka kata ya majani makavu ya mgomba, kubwa kuliko ile ya kubebea mtungi, akachomeka maua ya porini kuizunguka. Ilipendeza, ila katikati palikuwa patupu. Palihitaji mshumaa.

Mwenye nta alikuwa Niyonsaba, msichana aliyevuka mpaka na mama yake mwaka uliopita, baada ya baba yake kuuawa huko Burundi. Alikuwa ameokota masega yaliyotupwa na warina asali, akayafunga kwenye jani ili akayachemshe nyumbani. Jumamosi ya mwisho kabla ya Noeli, alipoliacha benchini kanisani na kutoka kunawa mikono, Immakulata alilichukua lile jani, akalitia kwenye kikapu chake.

"Nirudishie nta yangu," Niyonsaba alisema aliporudi na kuliona.

"Nta yako umeirina kwenye mzinga gani?" Immakulata alimjibu kwa sauti kubwa. "Mkimbizi hana hata mti, mzinga atautundika wapi?"

Watoto waliangua kicheko. Katekista akaja na fimbo yake.

"Immakulata, baba yako ana mizinga?"

"Anayo, Katekista. Mingi. Nta hii nimeitoa huko."

"Na ninyi, Niyonsaba?"

"Hatuna. Lakini niliokota..."

Katekista hakungoja amalize. Alimlaza kwenye benchi, akamchapa viboko sita mbele ya wote kwa wizi na uongo. Immakulata alivihesabu. Hakuona haya hata kidogo. Alifurahi, na ubaya wa moyo wake siku ile hauna jina lingine.

Nyumbani aliifinyanga nta ile kwa mikono, akatia utambi wa pamba. Kwa Waha, kabila lake, kazi ya nyuki ni ya wanaume, kwa hiyo hakujua kwamba nta huchemshwa na kuchujwa kwanza.

Kesho yake, Jumapili, baada ya ibada, wazazi walibaki kutazama mapambo. Katekista aliwasha mshumaa wa Immakulata. Ulitema cheche, ukachuruzika asali, na haukupita muda nyuki wakaanza kuingia madirishani. Watu walikanyagana kutafuta mlango. Katekista aliumwa mdomo, ukavimba kama kiazi.

Mzee Sylvesta, baba yake Immakulata, aliufunika mshumaa kwa ndoo. Nyuki walipotulia akafoka, "Nani ameleta masega mabichi hapa?"

"Ni binti yako," Katekista alijibu kwa shida. "Amesema ametoa kwenye mizinga yako."

"Mizinga ipi? Nyuki wangu walihama tangu kiangazi. Mwaka huu sijarina hata tone!"

Macho yote yakamgeukia Immakulata. Alipiga magoti, akilia.

"Nilimwibia Niyonsaba. Nichapeni na mimi."

Katekista aliinua fimbo, lakini mama yake Niyonsaba alisimama mbele yake.

"Mwache," alisema taratibu, akitafuta maneno ya Kiswahili. "Ukimpiga huyu, maumivu ya mwanangu yatakwisha? Maji yakimwagika hayazoleki. Mwanangu aliitwa mwizi mbele ya watu. Basi mbele ya watu mseme kwamba si mwizi. Huyu mtoto aseme. Na wewe, Katekista, useme."

"Niyonsaba si mwizi," Immakulata alisema. Kisha Katekista akaweka fimbo chini.

"Watoto, sikilizeni," alisema kwa mdomo uliovimba. "Immakulata aliiba nta. Mimi niliiba jina jema la mtoto, kwa sababu sikutaka kumsikiliza mgeni asiye na kitu. Nta tunaweza kuirudisha. Uongo ni mwepesi kuusema, lakini anayeulipia mara nyingi ni mwingine, na malipo hayo hayarudishwi."

Niyonsaba aliichemsha nta iliyobaki, akaichuja, akatengeneza mshumaa wake. Siku ya Noeli uliwaka safi katikati ya meza ya padri. Mama yake aliketi kwenye meza hiyo, akala. Niyonsaba alikula wali wake akiwa amesimama, kwa kuwa kwa viboko vile alikuwa bado hawezi kukaa.

Immakulata ndiye aliyemshikia sahani.